Kutoka Ruai hadi Endebess: Siku Kumi za Trekta la Mjomba

Jumatatu, Ruai

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135, jekundu kwa jina tu, kwa kuwa rangi iliyosalia imejificha chini ya boneti na nyuma ya tangi la dizeli. Aina hii ilitoka kiwandani Coventry, Uingereza, kati ya mwaka 1964 na 1975, na marehemu mjomba wangu alilinunua likiwa tayari limezeeka, akalitumia kuvuta tangi la maji na mawe ya ujenzi pembezoni mwa Nairobi. Lilipoanza kumsumbua aliliegesha chini ya banda la mabati, na hapo likakaa miaka tisa. Mkaza mjomba ameniuzia kwa bei ya kindugu, kwa sharti kwamba liondoke kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu banda linataka kuwa nyumba ya kupangisha.

Mama anaishi Endebess, Trans Nzoia, chini ya Mlima Elgon. Kila mwaka yeye hungoja trekta la kukodi, ambalo humfikia baada ya wenye mashamba makubwa kutosheka, na mara mbili mvua imempata udongo haujageuzwa. Sasa ni katikati ya Februari. Mahindi ya kwetu hupandwa mvua za Machi na Aprili zinaposhuka, kwa hiyo hesabu ya siku haikuwa na nafasi ya mzaha.

Fundi amekuja asubuhi, akabadilisha chujio, akatoa hewa kwenye mabomba ya dizeli, akafunga betri mpya. Ile injini ya Perkins yenye silinda tatu ilikohoa moshi mweupe, kisha mweusi, kisha ikatulia na kunguruma kana kwamba iliegeshwa jana. Nilipomuuliza kama naweza kuliendesha hadi nyumbani, alinitazama kwa huruma. Breki ya kushoto haishiki kabisa, klachi inateleza, na hata likiwa zima kasi yake haifiki kilomita 30 kwa saa. Mbele yangu kuna zaidi ya kilomita 400. Ni lazima libebwe.

Jumanne, kwenye simu

Nimeshinda kutwa nzima nikipiga simu, na jioni daftari langu lina bei saba ambazo hazifanani hata kidogo. Wenye lobedi, yale matrela mapana ya kubebea mitambo ya barabara, walitaja kati ya shilingi 110,000 na 150,000, na nadhani walikuwa wa haki, maana gari la namna hiyo haliwashwi kwa ajili ya kitu kisichofika tani mbili. Wenye malori ya kawaida walitaja kuanzia 35,000 hadi 80,000. Mmoja alishuka kutoka 80,000 hadi 45,000 kabla sijasema neno lolote. Nilikuwa nimenyamaza tu nikitafuta kalamu.

Nilipoyasoma maandishi yangu usiku, niligundua jambo lililonitia wasiwasi kuliko bei zenyewe. Kati ya watu saba, hakuna hata mmoja aliyeniuliza trekta lina uzito gani, kama linawaka, au litapandishwaje juu ya lori. Wote waliuliza ni la kwenda wapi na nitalipa lini.

Jumatano

Siku ya aibu, nitaiandika kwa ufupi. Dalali mmoja niliyeelekezwa na jirani aliniambia lori lake limeshaondoka Kariobangi linakuja Ruai, ila dereva anahitaji shilingi 6,000 za mafuta. Nilituma kwa M-Pesa. Saa saba mchana lori lilikuwa njia panda, saa tisa lilikuwa limepata pancha, na kuanzia saa kumi simu yake haikupatikana tena. Mkaza mjomba aliniletea chai pale bandani bila kusema lolote, nami nikaona heri angenikemea.

Alhamisi, Eneo la Viwanda

Aliyenitoa gizani ni mama. Nilipompigia jana usiku kumweleza masaibu yangu, bila kutaja zile 6,000, alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, «Mwanangu, lori linaloleta mahindi yetu huko Nairobi hurudi na nini?»

Asubuhi na mapema nilikuwa Barabara ya Lunga Lunga, nikitembea kando ya foleni ya malori yanayongoja kushusha mahindi kwenye viwanda vya unga. Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu yeyote mwenye mzigo mmoja wa kupeleka magharibi ya nchi anafaa kuijua foleni hii. Lori la Kitale huja limejaa na hujilipia safari yake kwa mahindi hayo. Kurudi ni bahati. Likipata mzigo, mwenye lori anafurahi. Asipopata, anachoma dizeli ya kilomita 380 akibeba hewa. Kwa hiyo bei ya kurudi huwa nafuu kihalali, bila ujanja wowote, na dereva anakwenda kwao, barabara anayoijua kona kwa kona. Ubaya ni kwamba msimu huu wa kuelekea kupanda wengi huwa wameshatafutiwa mbolea ya kurudi nayo. Katika malori kumi na mawili niliyoyauliza, manane yalikuwa na mzigo tayari, mawili hayakuwa na nafasi ya kutosha kwa urefu, na dereva mmoja alisema trekta «litapanda tu, tutalisukuma na vijana». Huyo nilimshukuru nikaenda zangu.

Wa mwisho alikuwa mzee mwenye Isuzu FSR ya buluu, amekaa juu ya tairi la akiba akimenya chungwa kwa kisu. Nilimweleza shida yangu. Hakutaja bei. Aliuliza ni 135 au 165. Akauliza kama linawaka na kama breki zinashika. Akauliza upana kutoka ukingo wa gurudumu moja la nyuma hadi la pili. Halafu, akiwa bado anamenya chungwa lake, akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria kabisa: «Magurudumu ya nyuma yana maji ndani?»

Sikujua. Alinieleza kwa subira kwamba wakulima wengi hujaza maji ndani ya matairi ya nyuma ili trekta lisiteleze likivuta jembe, na kwamba gurudumu moja la 135 linaweza kubeba zaidi ya lita 100. Maji hayo yakibaki humo, uzito unaongezeka, na mbaya zaidi yanatikisika kwenye kona. «Mzigo unaotembea ukiwa umefungwa,» alisema, «siutaki mgongoni mwangu nikishuka Salgaa.» Mfukoni mwake alikuwa na kipimo cha utepe, na akaniahidi kuja Ruai kesho akishashusha mahindi. Nilimpenda hapo hapo, ingawa nilikuwa nimejiapiza jana kutompenda mtu yeyote mwenye lori.

Ijumaa, Ruai

Mzee alifika saa nne na utingo wake, kijana mkimya anayemwita «baba» ingawa si mwanawe. Walilipima trekta kwa upana na urefu, wakainama kuangalia ekseli ya mbele, wakagonga tairi la nyuma kwa fimbo wakisikiliza. Lina maji. Kisha mzee akaacha trekta na kuanza kuzunguka kiwanja, akitafuta mahali pa kupakilia, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba wenye lori wengine niliozungumza nao walikuwa wakiuza nusu ya kazi. Lori la mizigo halina ngazi ya trekta. Mtu hana budi kuwa na kreni ya kukodi, au mbao nene ambazo huvunjika siku ambayo hutarajii, au ukingo wa ardhi ulio sawa na sakafu ya lori. Mita mia mbili kutoka bandani kuna machimbo ya zamani ya mawe yenye ukingo wa namna hiyo. Alisimama kando yake akapima kwa kifua chake, akaagiza pachongwe kidogo kwa jembe.

Swali lililofuata lilikuwa, «Na kule Endebess mtashushia wapi?» Nilimpigia mama. Alisema upo ukingo kando ya barabara ambapo hupakia magunia, na kwamba angemtuma shemeji akaupime. Baada ya saa moja shemeji alipiga simu: kimo chake kinamfika chini kidogo ya kifua. Mzee alitaka kujua urefu wa shemeji.

Tulikubaliana shilingi 42,000: nusu trekta likishafungwa juu ya lori, nusu likishasimama kwa magurudumu yake shambani. Tuliandika kwenye karatasi mbili za daftari, tukatia sahihi, mkaza mjomba akawa shahidi. Nilimuuliza kuhusu bima, naye hakunificha: bima ya lori lake huwalipa watu wengine na mali yao likitokea la kutokea barabarani, lakini mzigo ulio juu haumo. Jioni nilikwenda kwa wakala wa bima mtaani, nikachukua bima ya mzigo kwa safari hiyo moja. Aliniomba picha za trekta kutoka pande zote nne, na hilo nilifurahia, kwa sababu sasa nina ushahidi wa kila mkwaruzo uliokuwapo kabla.

Jumamosi

Kazi ya mikono. Tulizungusha kila gurudumu la nyuma mpaka vali ikawa chini, tukaitoa, na maji ya rangi ya chai yakamwagika kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani. Halafu tukajaza upepo. Fundi alirekebisha breki ya kushoto kadiri ilivyowezekana, ili angalau trekta lisimame likiwa ukingoni.

Karatasi nazo zilichukua nusu siku. Kitabu cha umiliki bado kina jina la mjomba, kwa hiyo nilikusanya nakala ya kitambulisho cha mkaza mjomba, mkataba wa mauziano na barua ya chifu inayoeleza uhusiano wetu. Mtu anaweza kuona huu ni urasimu wa bure, lakini trekta kuukuu juu ya lori la mahindi ni kitu ambacho polisi yeyote mwenye akili atataka kukiuliza.

Jumapili

Mzee hafanyi kazi Jumapili. Nilifua nguo.

Jumatatu, machimboni

Kupakia kulitarajiwa kuchukua saa moja, kukachukua nne. Lori lilirudi kinyumenyume mpaka likagusa ukingo, utingo akaweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, na daraja fupi la mbao likaziba ufa uliobaki. Nilikuwa nimekaa kitini tayari kuliingiza trekta kwa pua yake, mzee akanishusha. Trekta la namna hii ni zito nyuma na jepesi mbele. Likipanda mteremko kwa pua, pua inaweza kuinuka likageuka juu ya dereva. Hapa mteremko ulikuwa mdogo, karibu si kitu, lakini alisema hana mazoea ya kupima bahati. Fundi aliliingiza kinyumenyume, taratibu, mguu ukiwa nusu juu ya klachi inayoteleza, na mara mbili lilizimika likiwa nusu ardhini nusu juu ya lori. Watoto wa jirani walikuwa wamejipanga juu ya kifusi kama watu wa jukwaani.

Kufunga ndiko nilikotazama kwa makini zaidi. Minyororo minne, miwili ikitoka kwenye ekseli ya mbele na miwili kwenye boriti ya nyuma ya kuvutia, kila mmoja ukivutwa kuelekea pembe yake ya lori. Utingo alikuwa amepitisha mmoja juu ya chuma cha usukani. Mzee aliufungua bila kumgombeza, akamwonyesha kwamba chuma hicho kikipinda, trekta litafika shambani haliwezi kugeuka. Vigingi vya mbao vikapigiliwa mbele na nyuma ya kila gurudumu, gia ikaingizwa, breki ya mkono ikavutwa. Mikono ya jembe ilishushwa ikafungwa kwa kamba, betri ikakatwa waya, mfereji wa dizeli ukafungwa, boneti ikazungushiwa ukanda ili upepo usiifungue, na juu ya bomba la moshi likavikwa kopo la maziwa la kuzuia mvua. Nililipa shilingi 21,000 hapo hapo.

Jumanne, barabarani

Tuliondoka Ruai saa kumi na moja alfajiri, sisi watatu mbele, tukashika Barabara ya Mombasa kisha ile ya kusini inayoukwepa mji mpaka upande wa Kikuyu. Pale Kinungi, kabla ya kuteremka Naivasha, mzee aliegesha bila kusema lolote. Utingo alizunguka minyororo yote kwa mkono. Miwili ilikuwa imelegea kiasi cha kuingiza vidole vitatu. «Mzigo hukaa,» alisema mzee, akimaanisha kwamba trekta lilikuwa limejipatia makao kwenye matairi yake na chuma kikapata nafasi. Wakakaza upya. Tulirudia hivyo Gilgil, Salgaa na Timboroa, na baada ya Gilgil haukulegea tena hata mmoja.

Kwenye mizani ya Gilgil tulipita haraka, kwani lori hili hubeba magunia 80 ya kilo 90 na siku hiyo lilikuwa na chini ya robo ya uzito huo. Nakuru tulisimamishwa na polisi, na ile barua ya chifu ikalipia gharama yake: ofisa alisoma karatasi zote, akalizunguka trekta, akasema babake alikuwa na kama hili, akatuachilia.

Kuanzia Salgaa mzee aliacha kuzungumza. Eneo hili hadi Sachangwan lina miteremko mirefu ambayo imeua watu wengi. Ni karibu na hapa ndipo lori la mafuta lililopinduka liliwaka moto Januari 2009, na zaidi ya watu 100 wakafa. Kwenye kila mteremko mzee alishuka gia mapema, kabla lori halijaanza kukimbia, akaiacha injini ishike uzito, na breki akazigusa kwa nadra. Matrela yalitupita yakipiga honi. Hakuongeza mwendo.

Baada ya kibao cha Ikweta baridi iliingia ndani ya lori, na Timboroa, iliyo zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ilitupokea kwa ukungu na tairi la nyuma lisilo na upepo. Utingo alilibadilisha huku mzee akiweka vibao vya onyo barabarani, yaani vile vya pembetatu vinavyong'aa, hatua nyingi nyuma yetu. Kando yetu ilipita njia ya reli ya zamani. Mzee alikumbuka babake akisimulia matrekta yakishushwa kutoka kwenye mabehewa Kitale, ambako reli ilifika mwaka 1926, na akasema kwa uchungu kidogo kwamba wakati huo hakuna mkulima aliyehitaji kukaa kwenye foleni ya viwanda vya unga akibembeleza watu wenye malori.

Tulifika Eldoret saa kumi na mbili unusu. Kilichobaki kilikuwa kama saa mbili, nami nilitaka tusonge, lakini alikataa kabisa. Hasafiri usiku akiwa na mzigo ambao hawezi kuuona kwenye kioo. Tuliegesha kwenye kituo cha mafuta chenye mlinzi, utingo akalala juu, amejikunja kati ya magurudumu ya trekta.

Jumatano, Endebess

Soy, Matunda, Moi's Bridge, Kitale. Barabara ilikuwa kavu na hapakuwa na la kusimulia. Saa nne asubuhi tulikuwa Endebess. Shemeji alikuwa amesimama juu ya ukingo wake kama mnara, na ukingo ulikuwa na kimo kile kile alichokitaja, tofauti ikiwa upana wa kiganja. Mbao mbili zikaziba. Nilirudisha waya wa betri, nikafungua dizeli, nikasahau kopo la maziwa. Injini ilipowaka kopo lilirushwa juu likaangukia kwenye mahindi makavu ya jirani, na kila mtu akapata la kucheka. Safari hii trekta lilitoka kwa pua yake, polepole, likasimama ardhini.

Tulilizunguka na zile picha za bima mkononi. Mkwaruzo mmoja ulikuwa mpya, kwenye ringi ya nyuma ya kulia, mahali mnyororo ulipogusa. Mzee aliuona kabla yangu na akauonyesha mwenyewe, akataka kupunguza shilingi 500. Nilimlipa 21,000 zake kamili.

Alipokuwa akihesabu minyororo na vigingi vyake, akivirudisha kimoja kimoja kwenye gunia, alimuuliza mama kama kuna mtu hapa karibu mwenye mahindi ya kwenda Nairobi. Mama alikuwa ameshafungua ghala. Magunia 30 yake na 45 ya majirani yalikuwa yamepangwa mlangoni tangu asubuhi, na bei ya kuyasafirisha alikuwa ameiandika kwenye karatasi, ila alisema kwanza baba na kijana wale ugali.